Darlys Feist na Mguu wa Kulia wa Cody Wangler

Majina tisa ya wachezaji wa kuchunguzwa yalimfikia Darlys Feist Jumatatu ya pili ya mwezi wa kwanza. La sita lilikuwa la kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusimama uwanjani.

Alikuwa na miaka arobaini na saba wakati huo, skauti, mtafuta wachezaji, wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ya kulipwa, Wakata-Magogo wa Duluth. Eneo lake lilikuwa Dakota zote mbili, Minnesota na Iowa. Mimi nilikuwa mtu wa video ofisini. Kila mchezo wa chuo aliotaka kuuona ulipitia mikononi mwangu, kwa hiyo najua alichokitazama na alikirudia mara ngapi. Mengine alinisimulia mwenyewe, kwa vipande, kwa sababu Darlys si mtu wa kumaliza hadithi kwa kikao kimoja.

Kila mwezi wa nne huwa kuna drafti, siku tatu ambazo timu za kulipwa huchukua zamu kuchagua wachezaji kutoka vyuoni, raundi baada ya raundi. Watu wengi humtazama mrushaji mpira. Kazi ya Darlys ilikuwa kuwatazama wanaosimama mbele yake kama ukuta, hasa watatu wa katikati: mtu wa kati, anayeutoa mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, na walinzi wawili wanaokaa kushoto na kulia kwake. Hawa huwazuia wavunjaji wa upande wa pili wasimfikie mrushaji. Wakifanya vizuri, hakuna anayewataja. Wakikosea mara moja, uwanja mzima unauliza ni nani huyo.

Darlys aliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya mji mdogo kule Dakota ya Kaskazini, ambako watoto ni wachache mpaka timu zinacheza watu tisa kwa tisa badala ya kumi na mmoja. Kocha wa ukuta alipopasuliwa moyo, hakuna baba wala mwalimu aliyejitolea. Darlys, binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa amecheza mieleka na kaka zake wanne ghalani. Alisema yeye atajaribu. Alijaribu miaka kumi na mmoja. Vijana wake wawili wakafika vyuo vikubwa, na bosi wetu, Gil Prudhomme, akaanza kuuliza ni nani aliyewafundisha miguu namna ile, kisha akamwajiri.

Wa pili kati ya hao wawili alikuwa Cody Wangler.

Darlys alimpigia Gil simu kabla hajamaliza kuisoma orodha.

"Bosi, la sita huyu ni mwanafunzi wangu. Mama yake tunakaa benchi moja kanisani."

"Najua. Unataka nimpe skauti mwingine?"

"Nikimkataa, watu watasema nimekimbia kumsifu. Au nimekimbia kumponda. Yote mawili ni maneno."

"Wapo wawili wengine watakaomtazama pia," Gil alisema. "Wewe andika unachokiona. Usiandike unachokijua."

Aliniambia baadaye kwamba sentensi hiyo ilimkera wiki nzima, kwa sababu hakujua angetenganishaje hivyo viwili.

Namna yake ya kutazama ilikuwa moja. Kila mchezo aliutazama mara tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza miguu tu. Mara ya pili mikono tu. Mara ya tatu kichwa, mtu anaangalia wapi. Alifanya hivyo mezani jikoni kwake, asubuhi, akiwa na birika la kahawa na daftari la mistari. Maskauti wengine walimcheka. Walikuwa wakimwita Mama Ng'ombe, wakisema anakamua video kama anavyokamua chuchu.

Wote waliomtazama Cody walikuwa wamempenda. Alikuwa mlinzi wa kushoto, pauni mia tatu na kumi na tano, mikono mirefu, mwenye heshima. Msimu mzima mrushaji wake hakuangushwa hata mara moja na mtu aliyepita kwa Cody. Ripoti mbili zilizotangulia zilisema raundi ya pili, labda ya tatu.

Kwenye mchezo wa nne, akitazama miguu, Darlys aliusimamisha. Wavunjaji wawili walikuwa wamefanya ujanja wa zamani: yule aliyesimama mbele ya Cody alikata kuelekea katikati, na mwenzake akazunguka kutoka nje ili apite pale pale alipotoka wa kwanza. Mlinzi anayejua humsukuma wa kwanza kwa jirani yake, anabaki mahali pake, anamsubiri wa pili. Mguu wa kulia wa Cody ulimfuata wa kwanza. Bega likafuata mguu. Pengo likafunguka nyuma yake kama mlango.

Hakuna aliyepita, kwa sababu jirani yake wa nje, jitu la pauni mia tatu na arobaini, alinyoosha mkono na kulifunga lile pengo. Ndiyo sababu hakuna aliyeandika chochote.

Darlys alinitumia ujumbe: nimtafutie kila mahali ambapo wavunjaji walipishana mbele ya Cody, misimu miwili. Nikampa thelathini na moja. Siku mbili baadaye akanipigia.

"Kumi na nne," alisema. "Mara kumi na nne mguu umeondoka. Jirani kamwokoa kumi na moja. Mara tatu mrushaji alishautupa mpira."

"Si nyingi sana," nikasema.

"Kule vyuoni wanamfanyia ujanja huo mara moja moja. Hapa kwetu watamfanyia kila Jumapili mpaka aombe kazi nyingine." Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Na unajua ni nani aliyemfundisha hivyo?"

Sikujua.

"Tisa kwa tisa hatukuwa na watu wa kubadilishana. Kila mmoja alishika mtu wake. Nilikuwa nikipita nyuma yao nawapiga kofi kwenye paja la kulia, nawaambia, huyo ni wako, usimwache, hata akienda chooni mfuate. Cody alikuwa msikivu kuliko wote."

Mwezi wa tatu alikwenda chuoni kwa Cody siku ambayo maskauti hualikwa kuwapima wachezaji. Cody alipomwona alivuka ukumbi mzima na kumkumbatia mpaka viatu vyake vikaachana na sakafu.

"Kocha."

"Nishushe, watu wananiangalia. Mimi hapa nimekuja kukupima, si kukusalimia."

"Unaweza kufanya yote mawili."

Alimpa kalamu akamwambia achore ule ujanja wa wavunjaji ubaoni. Cody alichora vizuri, mishale yote mahali pake, akaeleza nani anamkabidhi nani. Hakukosea hata neno. Kisha Darlys akamwomba kocha wa pale awapange vijana wawili waufanye taratibu, kwa kutembea. Kwa kutembea, Cody alibaki mahali pake. Walipoufanya kwa kasi, mguu wa kulia ukaondoka.

Cody mwenyewe hakugundua. Alirudi akitabasamu, akimwuliza kama mama yake ameshamtumia keki.

Kesho yake Darlys aliendesha gari kwa saa tano kwenye theluji mpaka chuo kimoja kidogo cha Minnesota, kwa ajili ya jina la tisa, la mwisho kabisa. Huyu alikuwa Varney Dolo, mtu wa kati, mtoto wa wazazi kutoka Liberia waliohamia kitongoji cha Minneapolis. Hakuna skauti mwingine aliyekuwa amefika pale mwaka ule. Alikuwa mfupi kwa kazi hiyo, na mikono yake ilipopimwa ilikuwa inchi thelathini na moja na robo. Wengi wakiona kipimo kifupi hivyo hufunga daftari.

Darlys alikuwa amekwisha kuyatazama macho yake kwenye video. Alimkuta kwenye ukumbi wa mazoezi, akiviringisha mikeka ambayo timu ya mieleka ilikuwa imeiacha.

"Wamekutuma wewe kuiviringisha?"

"Hapana, mama. Iko njiani tu."

"Mchezo wa pili, dakika za mwisho, yule namba tisini alikupita. Ilikuwaje?"

Alitarajia sababu: nyasi zilikuwa na maji, mrushaji alichelewa. Varney alifikiri, akaweka mkeka chini.

"Nilichelewa kuinua mkono wa kushoto. Mikono yangu mifupi, kwa hiyo nikichelewa kidogo tu nimekwisha. Nilijua baada ya hapo. Alijaribu tena mara sita."

"Akapita?"

"Hapana, mama."

Siku ile pale chuoni palikuwa na kocha mmoja tu, mzee mwembamba aliyekuwa pia mhasibu wa idara. Darlys alivua koti. Akamwambia mzee asimame kushoto, yeye akainama kulia, goti lake bovu likilia kama bawaba, wakawa wavunjaji wawili. Wakapishana. Varney akamsukuma mzee kwa upole kuelekea kwa jirani ambaye hakuwapo, akamgeukia Darlys aliyekuwa anakuja kwa nyuma, akamzuia kwa viganja viwili juu ya daftari alilolishika kifuani.

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Tena."

Walirudia mara nane. Kila mara Darlys alibadilisha kitu, mara aanze yeye, mara wabaki wote wawili, mara mzee ajifanye ameteleza. Macho ya Varney yalikuwa yakiondoka kwa mtu wa kwanza kabla mikono yake haijamwacha. Mzee alikaa chini akasema yeye ameacha kazi ya uvunjaji, atarudi kwenye hesabu zake.

Kabla hajaondoka Darlys aliingia jikoni kwenye bwalo la chuo, kama alivyozoea, akamwuliza mpishi kuhusu kijana huyo. Mpishi alisema Varney ndiye pekee anayejua majina ya watu wote wanaoosha vyombo. Darlys hakuliandika hilo kwenye ripoti. Lakini aliniambia.

Ijumaa moja ya Kwaresima kulikuwa na samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, kule kwao. Jolene Wangler, mama yake Cody, alikuja na sahani yake akakaa mbele ya Darlys. Walikuwa marafiki tangu Cody hajaota meno. Jolene ndiye aliyekuwa akiwapelekea vijana wa ukuta viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga baada ya kila mchezo.

"Haya, niambie tu," Jolene alisema kwa sauti ya chini. "Raundi ya ngapi?"

"Jolene, siwezi kusema."

"Mimi si gazeti."

"Najua wewe si gazeti. Siwezi kumwambia hata mume wangu."

"Huna mume."

"Ndiyo, na bado siwezi kumwambia."

Jolene alicheka, halafu akaacha. Alimtazama usoni kwa muda mrefu. "Ungekuwa umeandika mazuri, ungekuwa umeshanikonyeza."

Darlys aliinama akamega samaki. Jolene akanyanyua sahani yake, akahamia meza ya pili, akaketi na watu wa kwaya. Kwa zaidi ya mwaka mzima walikaa benchi tofauti.

Kikao cha mwisho kilikuwa Duluth, wiki mbili kabla ya drafti. Nilikuwemo chumbani kwa sababu ya video. Kocha wetu wa ukuta, Hoyt Bascom, mtu mkubwa mwenye sauti kama trekta, alikuwa amempenda Cody kiasi cha kumtafutia namba ya jezi. Alitaka achukuliwe raundi ya tatu. Gil akamgeukia Darlys.

"Raundi ya sita," Darlys alisema. "Au tusimchukue. Na nataka yule wa kati, Dolo, kabla ya hapo."

Hoyt alisogeza kiti. "Dolo yupi? Yule mwenye mikono ya mtoto mchanga?"

"Huyo huyo."

"Dada, mimi naona kitu cha ajabu hapa. Huyu Wangler umemlea mwenyewe. Maskauti wawili wanamsifu. Wewe ndiye unamkata?"

"Ndiyo."

"Amekukosea nini?"

Darlys aliniomba niweke video. Niliweka zote kumi na nne mfululizo, kwa kasi ya kawaida, kisha polepole. Alisimama kando ya skrini na kalamu mpaka ya tisa. Hapo akauweka mwisho wa kalamu juu ya mguu wa kulia wa Cody na kuuacha pale.

Hoyt alitazama. Alikuwa mjuzi, na mjuzi akioneshwa haoni aibu kuona. "Mguu," alisema.

"Mguu."

"Hilo linafundishika. Nipe miezi miwili."

"Hapana. Lingekuwa kichwani ungeliondoa kwa miezi miwili. Ubaoni analijua kuliko wewe. Liko kwenye paja. Limewekwa pale akiwa na miaka kumi na minne, kila siku, miaka minne. Litachukua mwaka na nusu, pengine zaidi. Na huo mwaka na nusu mrushaji wetu atakuwa amelala chini."

"Nani mpumbavu aliyemfundisha hivyo?"

"Mimi," Darlys alisema.

Hoyt alishusha macho kwenye karatasi zake. Gil alimwuliza Darlys kama anataka kupumzika kidogo. Akasema hapana, anataka waone za Dolo. Akaendelea kusimama pale dakika arobaini, sauti ile ile, akieleza macho ya mtu ambaye wengine mle chumbani hawakuwahi kumsikia.

Siku ya drafti, timu moja ya kusini ilimchukua Cody raundi ya tatu, nafasi nne kabla ya zamu yetu. Picha zilionesha Jolene akilia sebuleni kwake huku amezungukwa na nusu ya mji. Darlys alikuwa kwenye chumba chetu, akatazama, akapiga makofi peke yake. Sisi tulimchukua Varney Dolo raundi ya tano. Gazeti la Duluth liliuliza kama Wakata-Magogo wamesahau kuleta tepu ya kupimia.

Sitasema Varney alikuwa nyota siku ile ile. Mwezi wa nane alisukumwa kama mlango wa duka. Lakini mchezo wa sita mtu wetu wa kati aliumia kifundo, Varney akaingia, akawatangazia wenzake kila ujanja uliokuja mbele yake, na hajatoka mpaka leo.

Cody aliingia uwanjani mchezo wa kwanza kabisa. Timu pinzani zilikuwa na video kama sisi. Kufikia mchezo wa tatu wavunjaji walikuwa wakipishana mbele yake kama watoto wanaocheza foliti, na mrushaji wake akatolewa na bega lililovunjika. Cody akawekwa benchi. Watangazaji wakamtaja jina, na hilo ndilo jambo ambalo mtu wa ukuta hataki.

Msimu ulipokwisha alimpigia Darlys simu.

"Kocha, uliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kwanza mwaka jana."

Darlys alimsubiri akasirike. Cody aliuliza tu, "Ni nini?"

"Ni mimi. Nilikupiga kofi la paja mara elfu. Sasa inabidi tulitoe."

Darlys alikwenda kwa Gil kuomba ruhusa, kwa sababu Cody alikuwa mchezaji wa timu nyingine. Gil alijikuna kidevu, akasema wiki tano za likizo ni zake, anaweza kuzitumia kuvua samaki au kuharibu kazi ya mwajiri wake, ilimradi asimweleze.

Akazitumia zote tano, mwezi wa sita na wa saba, kwenye uwanja wa ile shule ndogo. Kila asubuhi saa moja. Aliwaita vijana wake wa zamani waliobaki mjini, mmoja muuza mbegu, mwingine fundi wa matrekta, wakawa wavunjaji. Alifunga kamba ya kitani kwenye kifundo cha kulia cha Cody na kuishika mwenyewe. Mguu ukitaka kuondoka, anavuta. Wiki ya kwanza Cody alianguka mara nyingi mpaka fundi wa matrekta akasema anaona huruma kulipwa kwa hili, na kwa kweli hakuwa analipwa. Wiki ya tatu alikasirika hatimaye, akaitupa kofia ngumu mpaka kwenye mahindi ya jirani.

"Ulinifanyia hivi halafu ukaniandika vibaya," alisema.

"Ndiyo," Darlys alisema. "Kaichukue kofia."

Alikwenda. Alikaa huko kwenye mahindi muda mrefu kuliko unaohitajika kutafuta kofia. Aliporudi akainama mahali pake, na Darlys akashika kamba.

Mwaka huo wa pili bado hakupangwa kuanza mchezo. Darlys alikuwa amesema mwaka na nusu, na ulikuwa mwaka na nusu kweli tangu kikao kile, na kidogo. Mwezi wa kumi na moja mlinzi wao alipata homa, wakamwingiza Cody dhidi ya wavunjaji wakali kuliko wote wa ligi. Walipishana mbele yake mara kumi na moja. Mara mbili tu walipita.

Mimi nilimtumia Darlys zile kumi na moja asubuhi yake. Alikuwa Iowa, kwenye baridi, akimtazama mlinzi mwingine wa chuo ambaye hata jina lake sikulikumbuka. Alinijibu kwamba ya nne na ya kumi mguu ulichelewa, si kwamba uliondoka, na hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kisha akaongeza kuwa Jolene alimpigia, wakazungumza saa nzima, zaidi kuhusu paa la kanisa, na kwamba anaomba nimtumie pia mchezo wa wiki iliyopita wa yule wa Iowa, wote, si vipande.